Simu Iliyomfungukia Mkwe

Kalenga, Iringa
16 Aprili 2024

Binamu Rabson,

Kamwene. Natumaini hujambo na ndizi zako hazijambo. Huku mama anakusalimu, mahindi yanabeba vizuri, na mbuzi wa baba mkubwa Bartholomeo amezaa mapacha. Baba mkubwa anaongea na hao mapacha kwa upole ambao sisi watoto wa mdogo wake hatujawahi kuuonja. Shangazi mwambie gauni lake nimemaliza kulishona, linakuja pamoja na bahasha hii. Likimbana asilaumu cherehani, alaumu maharage.

Usicheke kwamba naandika barua kama watu wa zamani. Tangu juzi simu yangu ikilia watu wanne hapa nyumbani wanageuza shingo, na ninayotaka kusema si ya watu wanne. Isitoshe, mwenye kesi ni wewe. Ile simu ya tachi uliyomletea baba Krismasi ndiyo imenivunjia posa.

Unajua alivyoringa nayo. Kila jioni kilabuni aliwapitishia wazee wenzake, wakaikodolea macho mpaka machozi yakawatoka, haikumfungukia hata mmoja. Baba anakunywa ulanzi wake na kusema, "Inanijua mimi tu." Kaka Tadeo alipokuja kutoka Mafinga ikamfungukia yeye. Basi wazee wazima, wenye wajukuu, wakakubaliana kwamba simu ya Yohane inajua damu, na baba hakuwakatalia.

Jumamosi wakaja akina Sedekia. Unamjua, mwalimu wa kwaya wa usharika wetu, mwenye shamba la nyanya kule mtoni, ninayempenda tangu mwaka juzi na sioni haya kuandika. Mshenga alishamaliza maneno yake, kuku walishachinjwa. Simu ya baba ikalia mlio wa ujumbe pale mezani. Sedekia akaiinua ampe mwenyewe, ikapita mbele ya uso wake, ikafunguka. Picha ya ng'ombe wetu ikajaa kwenye kioo mbele ya ukoo mzima.

Baba mkubwa Bartholomeo akaweka kikombe chini. Akasema, "Hii simu inawafungukia watoto wa Yohane tu."

Na wewe unajua Sedekia kalelewa na bibi yake. Mama yake alikufa yeye akiwa mchanga, na jina la baba yake alikwenda nalo. Watu wakaanza kuhesabu miaka. Wakaona paji la uso ni lile lile, masikio ni yale yale, hata kikohozi ni cha baba. Mama akainuka akaenda jikoni. Baba alipoulizwa akajibu kwamba simu yake ni mambo yake. Sedekia alipoulizwa akasema hana la kusema. Posa imesimamishwa mpaka ukoo ukae.

Sasa nijibu, na ujibu yote. Simu inajua damu? Inaweza kukosea? Na siku ile ulipoitengeneza, kuna mtu mwingine aliyeionyesha sura yake zaidi ya baba?

Wako anayekula wali bila hamu,
Bertha


Iyunga, Mbeya
25 Aprili 2024

Bertha binti mjomba,

Ugonile. Ndizi hazijambo, zimeuliza habari za mbwa wenu, nikaziambia waliobaki ni wachache, Wahehe mmewala. Gauni limemkaa mama vizuri, kalivaa siku tatu mfululizo, hata kuku amewalisha akiwa nalo. Kazi yangu inaendelea. Juzi nimefunga mashine ya kutambua sura mlangoni kwa ofisi moja pale mtaa wa Soweto. Kesho yake meneja wao akaja kanyoa ndevu zote, kavaa na miwani mipya, mashine ikamkatalia. Akasimama mlangoni akaiuliza kama inajua yeye ni nani. Mashine haikujua, na walinzi wakafurahi siku nzima.

Nimesikitika kwa posa, nasema kweli. Sasa nikujibu.

Simu haijui damu, haijui ukoo, haijui posa. Siku ya kwanza inaitazama sura, inapima umbali wa jicho na jicho, pua na mdomo, inaviweka vipimo hivyo. Ukija tena inapima, inalinganisha, ikiona vimekaribiana inafungua. Ni hilo tu. Pili, inakosea sana. Mashine nzuri inatazama hadi kina cha uso. Simu za bei ya mjomba zinaangalia kama anavyoangalia mtu wa dirishani, na zina ukarimu uliopitiliza. Ndiyo maana Tadeo aliingia, maana huyo Mungu alimtoa kwa baba yake bila kubadilisha hata pua.

Nilimshauri mjomba aweke namba za siri. Nilimweleza kwamba namba ikijulikana unaibadilisha, lakini sura ikishajulikana utaipeleka wapi? Akaniambia namba zinamchosha, anataka itazamwe ifunguke. Mteja ni mfalme, nikamwekea sura.

Waambie hayo wazee. Msalimie mke wa mjomba, mwambie asikae sana jikoni.

Ni mimi mtani wako,
Rabson


Kalenga, Iringa
7 Mei 2024

Rabson,

Nilikuuliza maswali matatu. Umejibu mawili kwa maelezo marefu ya kisomi, na lile la tatu umelizunguka kama mbwa anavyozunguka sufuria la moto. Na nimeandika mbwa kwa makusudi, mshibe huko.

Sisi wazima kwa nje. Mvua zinaelekea mwisho, mapacha wa mbuzi wamekula miche yangu ya kabichi, na mimi nimeshona sare za kwaya thelathini ambazo mwalimu wao haruhusiwi kukanyaga kwetu.

Hayo ya vipimo niliyasema mbele ya wazee. Nikaeleza jicho na pua. Baba mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, akafurahi. Akasema ndiyo hivyo hivyo, hata fuvu la Mkwawa pale makumbusho lilipotafutwa Ulaya lilitambuliwa kwa kupimwa, na Kalenga yote ikalipokea. Simu ikipima kichwa cha Sedekia, nani abishe? Basi nimewapa risasi za kunipigia mwenyewe.

Baba amenona. Zamani kilabuni alijinunulia, siku hizi ananunuliwa. Wanamwita dume, naye anacheka kidogo tu, kama mtu anayeficha zaidi. Mama anampakulia, anamwekea kijiko mkononi, hasemi neno. Mimi namtazama huyo mama namshangaa. Ningekuwa mimi sufuria lingeshapaa.

Kitu kimoja tu kimemharibikia. Unajua yeye ndiye msomaji wetu kanisani, na anavyosoma bila kutazama sana kitabu, watu husema kajaliwa. Jumapili iliyopita alisoma tena somo la mwezi uliopita. Lote, kwa sauti kubwa, bila kuyumba. Watu wakatazamana. Mchungaji akasema neno la Mungu halichachi, tukaendelea.

Sedekia nilimfuata kwenye nyanya zake. Nikamwambia aseme kwa nini simu ilimfungukia. Akasema ametoa neno lake kwa mtu. Neno gani? Akasema akilisema si neno tena. Nikamtupia nyanya mbili, mbovu zote, akasimama tu. Rabson, nimeanza kufikiri baba ana mwanamke, jumbe zake zipo kwenye simu, na Sedekia ndiye mficha siri. Kama ni hivyo nimepoteza wawili kwa mkupuo. Nalia usiku, asubuhi nasema ni vitunguu, na vitunguu hatujapika wiki nzima.

Jibu lile la tatu.

Bertha


Iyunga, Mbeya
30 Mei 2024

Bertha,

Bahasha yako ilipitiliza mpaka Tunduma, ikakaa kwenye ofisi ya mabasi mpaka mtu wa huko aliponipigia. Ilirudi haijafunguliwa. Nimeikagua gundi pembe zote, maana hiyo ndiyo raha ya karatasi, ikichunguliwa inaonyesha kwamba imechunguliwa. Mama mzima, ila gauni limeanza kumbana. Mimi nina mafua ya baridi, kama mji mzima.

La tatu sitalijibu. Nikasirikie. Fundi wa kufuli akianza kuwatajia watu nani ana ufunguo wa nani, kesho hana kazi, na huyu mteja ni mjomba wangu aliyeniosha pua nikiwa mtoto. Alinishikisha neno na mimi nikalishika. Nitakuambia la mwanamke tu, kwa sababu limekuumiza: hakuna. Mjomba hana mwanamke. Angempata wapi, na ulanzi wote ule?

Lakini kuna jambo jingine linanisumbua, la kiroho zaidi. Hivi zile Jumapili zilizofuata mjomba alisoma nini kanisani? Amerudi kusoma vizuri? Na zamani, alipokuwa anasoma vizuri, Jumamosi alikuwa anashinda na nani? Nauliza kwa faida ya nafsi yangu tu.

Rabson


Kalenga, Iringa
13 Juni 2024

Rabson, mtu ambaye hajaingia kanisani tangu kipaimara,

Nimekaa na maswali yako ya kiroho siku nzima mbele ya cherehani, nikashona mkono wa shati kwenye kola.

Jumapili zilizofuata baba alisoma Zaburi ya ishirini na tatu. Zote. Bwana ndiye mchungaji wangu, na wiki inayofuata bado ndiye, na inayofuata tena. Na zamani kila Jumamosi jioni alijifungia na Sedekia ghalani, eti wanafanya mazoezi ya kwaya. Baba yangu akiimba kuku wanashuka kwenye viota. Mazoezi gani? Tukaona mkwe anajipendekeza, tukafurahi.

Basi nikaanza kumwangalia, kumwangalia kweli. Nikaona jinsi mama anavyomwekea kijiko mkononi. Nikaona anavyosubiri mtu aongee ndipo amtaje jina. Juzi nililitundika koti lake mlangoni. Akatoka chumbani, akasimama, akalisalimia. "Karibu, mzee mwenzangu, mbona umesimama?" Koti halikujibu, akapita kwa heshima, akitoa udhuru. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa kelele, sikujali nani anasikia.

Baba haoni, Rabson. Ndiyo maana alikataa namba, hazioni. Sedekia alikuwa anamfungulia simu, anamsomea ujumbe, anamsomea masomo ya Jumapili mpaka ayashike kichwani. Sura ya pili uliiweka wewe, kwa ombi lake. Huna haja ya kujibu.

Sasa nina jibu na sijui pa kuliweka. Kikao kimepangwa mwisho wa mwezi huu, na wakisema huyo ni kaka yangu, posa inarudishwa na Sedekia ananipotea. Nikisema ninachokijua, nimemvua baba nguo mbele ya Bartholomeo, ambaye miaka yote anautaka uzee wa kanisa na ile nafasi ya kusoma. Baba ameona afadhali aitwe mzinzi kuliko kipofu. Nina hasira naye na ninamhurumia, kwa pamoja. Nifanyeje?

Bertha


Iyunga, Mbeya
18 Juni 2024

Bertha,

Salamu zipo, zisome mwenyewe. Sijakuambia kitu, na ukiulizwa, sijakuambia.

Nifanyeje, unaniuliza mimi? Mimi kazi yangu ni kufunga. Naweza kupanda basi kesho nikazifuta sura zote kwenye simu hiyo, isimjue mtu yeyote duniani. Lakini walichokwisha kukiona wazee kitafutwa na nani?

Ninachojua ni hiki. Hapa Mbeya kuna hospitali wanakotoa mtoto wa jicho, na ninadhani ndicho alicho nacho. Krismasi nilimbembeleza. Akasema kisu ni cha kuku, si cha jicho la Mhehe. Mwulize tena.

Na la pili. Nimefunga mashine za vidole, za sura, moja hata ya mboni. Sijaona kufuli kama mdomo wa huyo kijana wako. Kachafuliwa mama yake kaburini, kapigwa nyanya, na hajafunguka. Ukimwacha, nitamtafutia dada yangu.

Rabson


Kalenga, Iringa
2 Julai 2024

Binamu,

Kamwene sana. Baridi imeshuka, mahindi tumeyavuna, pacha mmoja wa mbuzi ameliwa na fisi, baba mkubwa amefunga kilemba cheusi. Nakueleza kikao kama kilivyokwenda, maana utasikia na mengine ya kuongezwa chumvi.

Walikaa sebuleni kwetu, wazee tisa, na Sedekia peke yake kwenye benchi karibu na mlango. Simu iliwekwa katikati ya meza kama maiti. Baba mkubwa alifungua kwa sala ndefu ambayo ndani yake alishatoa hukumu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwanawisha mikono.

Nilipofika kwa baba nilipiga goti. Nikamshika mikono nikaielekeza kwenye maji, na nikaona ameshtuka, kwa sababu kila siku nilikuwa namwachia beseni alitafute. Nikamwambia kwa sauti ya chini, asikie yeye tu:

"Baba, posa irudishwe, mimi nimekubali. Jumamosi nitakuwa nakusomea mimi."

Nilimaanisha, Rabson. Sikuwa namtega. Nilishaona kwamba siwezi kumvua, basi nikaamua kumvika, na Sedekia nikamlilia ndani kwa ndani hapo hapo nikiwa nimeshika taulo.

Baba hakutoa mikono kwenye maji. Baba mkubwa akamwuliza kwa mara ya mwisho, huyu ni mwanao au si mwanao, mbona simu imemfungukia. Maji yakawa yanapoa. Halafu baba akasema, kwa ile ile sauti ya kanisani:

"Si mwanangu. Ni macho yangu. Mimi sioni, Bartholomeo, mwaka wa pili huu. Hata wewe hapo nakujua kwa harufu ya mbuzi."

Hakuna aliyecheka, mpaka mama alipocheka kule jikoni. Akatoka na mwiko mkononi. Akasema yeye alijua tangu siku baba alipomwamkia mbuzi wa shemeji njiani akamwuliza habari za usharika. Wazee wakamwuliza mbona alinyamaza, hata baada ya kusikia hayo ya mtoto wa nje. Akasema mume wake alikuwa anajificha, na mtu akijificha unamsubiri atoke mwenyewe, na alikuwa anasubiri kwa hasira kubwa kuliko walivyodhani. Baba akageukia upande wa sauti yake akamwomba msamaha mbele ya wote, kisha akaomba wa Sedekia na wa mama yake Sedekia, akimtaja marehemu kwa jina. Hapo Sedekia aliinama akajifuta uso kwa mkono wa shati, shati nililomshonea mimi.

Posa imepokelewa. Baba mkubwa amechukua usomaji wa Jumapili. Alianza juzi, akakwama kwenye jina la mji mmoja wa Wafilisti, na baba akamsaidia akiwa amekaa kwenye benchi, kwa kichwa.

Hospitali amekubali. Kisu bado ni cha kuku, anasema, lakini kuku wamekwisha. Atakuja Agosti, ataletwa na Sedekia. Ndoa tumeiweka Oktoba, ili aje aione.

Ndaga fijo, asante sana ya kwenu, nimejifunza kwa ajili yako. Na pole kwa kukaa na siri yetu.

Bertha


Iyunga, Mbeya
23 Agosti 2024

Bertha, bi harusi mtarajiwa,

Ugonile. Mama anaomba gauni lingine, la harusi, na anasema safari hii uache nafasi ya maharage. Wageni wako ni wazima. Sedekia anakula ndizi kama aliyezaliwa Tukuyu, nimeanza kuona kuna haja ya kuitisha kikao juu ya ukoo wake.

Jioni ya kuamkia hospitali nilikaa na mjomba, simu mkononi. Nikamwambia kesho Mungu akipenda utaona, basi nifute sura ya Sedekia, na nikuwekee namba, usalama uwe kamili. Akaniambia namba niweke. Sura niiache ilipo. Nikamweleza kwamba kifundi si salama, mlango wa watu wawili. Akasema anajua, ameuchagua. Nikaiacha.

Jicho la kulia lilitengenezwa juzi. Jana asubuhi nesi akamfungua bandeji. Sedekia alikuwa amesimama mbele yake, mimi nyuma yangu ukuta, tumekosa pa kuweka mikono. Mjomba akapepesa, machozi yakamtoka. Akautazama mwanga wa dirisha. Akautazama mkono wake mbele na nyuma. Kisha akamtazama Sedekia, kwa muda mrefu sana, paji la uso, masikio, mpaka kijana akaanza kutokwa jasho. Nilidhani atamkumbatia, nikajiandaa kulia.

Akanigeukia mimi, kwa hasira ya kweli.

"Rabson, huyu tunafanana wapi? Ninyi mliokuwa na macho huko Kalenga, mlikuwa mnaangalia nini?"

Ndipo akamkumbatia. Jumamosi wanapanda basi. Mwandalieni supu, na lile koti lake liondoe mlangoni.

Mtani wako na fundi wenu,
Rabson